Saa moja iliyohesabiwa mara mbili: kisa cha wazazi wawili na wiki sita za likizo ya shule

Kisa hiki nakitumia katika mafunzo ya wasimamizi na ya wazazi walioajiriwa, kwa ridhaa ya wahusika. Majina, kampuni, mji na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa. Nimekichagua kwa sababu hakina mtu mbaya ndani yake. Kila mmoja alikuwa na nia njema, kila mmoja alijitahidi, na bado ilifika alasiri moja ambapo mtoto wa miaka 6 hakujulikana alipo kwa zaidi ya nusu saa.

Usuli

Mama ni mchambuzi wa madai katika kampuni ya bima. Kazi yake nyingi iko kwenye kompyuta, na kanuni za ofisi zinamruhusu kufanyia kazi nyumbani siku mbili kwa wiki; zaidi ya hapo ni hiari ya meneja. Baba ni fundi mitambo kiwandani. Anaingia zamu saa 1 asubuhi, anatoka saa 9 alasiri, na nyumbani anafika kwenye saa 10. Kazi yake haihamishiki: mtambo uko kiwandani, naye lazima awe kiwandani. Wana watoto wawili, mvulana wa miaka 10 na msichana wa miaka 6. Mama mzazi wa baba anaishi karibu, ni mstaafu, na miguu imeanza kumsumbua.

Siku za masomo, shule iliwashika watoto tangu asubuhi hadi alasiri. Wazazi hawakuwahi kuyahesabu masaa hayo kama malezi, maana hayakuwagharimu mawazo. Shule ilipofunga kwa wiki sita, masaa yote hayo yalirudi nyumbani kwa mpigo.

Wiki sita ni siku 30 za kazi. Mama alikuwa amebakiwa na siku 11 za likizo ya mwaka, baba siku 9. Jumla 20, na hiyo ni endapo wasingepumzika pamoja hata siku moja. Pengo la namna hii si la familia hii peke yake. Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1970, unaweka kima cha chini cha likizo ya mwaka yenye malipo kuwa wiki tatu za kazi. Likizo za shule zikijumlishwa kwa mwaka mzima huzipita wiki hizo kwa mbali. Kwa hiyo mzazi aliyeajiriwa akiona hesabu hazitimii, asidhani hajui kujipanga. Namba zenyewe hazitoshi, na kwa anayelea peke yake hazikaribii hata kutosha.

Mpango wa kwenye karatasi

Mama ndiye aliyeupanga, usiku mmoja, wiki mbili kabla ya shule kufunga. Wiki ya kwanza yeye likizo. Wiki ya pili na ya tatu bibi. Wiki ya nne baba likizo. Wiki ya tano wote wawili likizo, wasafiri na watoto. Hapo baba angetumia siku zake 4 za mwisho na siku moja ya mapumziko aliyokuwa akidai kiwandani. Wiki ya sita, mama angefanyia kazi nyumbani.

Ukiutazama, mpango huu hauna siku iliyoachwa wazi. Meneja aliuona, akaongeza ruhusa ya wiki nzima ya kufanyia kazi nyumbani, akasema maneno ambayo mama aliyachukua kama baraka: "Jipange tu unavyoona, mradi kazi iishe." Baba aliusoma kwenye simu akajibu kwamba ni sawa. Bibi alipigiwa simu akaambiwa wiki zake.

Mambo yalivyokwenda

Wiki ya kwanza ilipita vizuri na sina la kusema juu yake.

Wiki ya pili bibi alikuja kila siku saa 2 asubuhi na kukaa hadi baba arudi. Alhamisi jioni alimwambia mwanawe kwamba goti limevimba na siku nzima ya kumkimbilia mtoto wa miaka 6 haiwezi tena. Angeweza kukaa hadi saa 6 mchana. Baba alimweleza mama, mama akasema, "Basi mchana nitakuwa nyumbani mwenyewe, meneja hatakataa." Hakukataa.

Hapo ndipo wiki ya tatu ilipopata masaa manne kila siku, kuanzia saa 6 hadi saa 10, ambayo kwa ofisi yalikuwa masaa ya kazi na kwa familia yalikuwa masaa ya malezi. Na wiki hiyohiyo idara ya mama ilikuwa ikifunga ripoti ya nusu mwaka.

Jumatatu ilivukwa kwa katuni. Jumanne, mkutano wa video na mteja mkubwa uliwekwa saa 7 mchana. Mama aliingia chumbani, akafunga mlango, akamwambia mvulana: "Mwangalie mdogo wako. Msigonge mlango mpaka nitoke." Msichana alipewa tableti. Tableti iliisha chaji kabla mkutano haujafika katikati.

Kilichofuata tunakijua kwa sababu kiliacha ushahidi sakafuni. Msichana alianza kuchora na kupitisha karatasi chini ya mlango. Ya kwanza ilikuwa jua na nyumba. Mama aliiona ikiingia, akatabasamu, akaisogeza kwa mguu na kuendelea kuongea. Zilikuja nyingine, kila moja ikiwa na mchoro mdogo kuliko iliyotangulia, mpaka ya mwisho ambayo haikuwa na mchoro wowote. Ilikuwa na neno moja kwa herufi kubwa za mtoto anayejifunza kuandika: BADO? Hiyo mama hakuiona hadi mkutano ulipoisha.

Nyumba ilikuwa kimya, na kimya hicho alikisikia kama habari njema. Alipotoka saa 8 na nusu, mvulana alikuwa kitandani na vifaa vya sauti masikioni, akicheza mchezo kwenye simu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Msichana alikutwa kwenye ngazi za nyumba ya tatu kutoka kwao, anamsubiri rafiki yake ambaye familia yake ilikuwa imesafiri. Hakuwa amelia. Alisema alikuwa ameuliza, na hakujibiwa.

Alasiri hiyo mama alirudi kwenye kompyuta na kutuma hesabu ya malipo ya dai ikiwa na tarakimu mbili zilizopishana. Mwenzake aliliona kosa kesho yake kabla fedha hazijatoka.

Baba aliporudi na kusikia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Lakini si ulikuwa nyumbani?" Mama aliponisimulia, aliongeza kwamba saa chache kabla ya hapo, alipoandika kuomba mkutano wa jioni uahirishwe, meneja naye alimjibu: "Ila uko nyumbani, watoto si unawaona?" Watu wawili wasiofahamiana walitamka sentensi ileile siku moja. Kisa chote kiko ndani ya sentensi hiyo.

Maamuzi na sababu zake

Usiku wa Jumanne walikaa mezani wote wawili, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa baba kuushika mpango kwa mkono wake. Walichora safu mbili kwa kila saa ya siku zilizobaki: nani yuko kazini, nani yuko na watoto. Wakajiwekea sharti moja. Jina likitokea kwenye safu zote mbili kwa saa ileile, saa hiyo haina mtu. Walipomaliza kuhesabu walikuta masaa 52 yasiyo na mtu: manne kwa kila siku ya Jumatano hadi Ijumaa, na wiki ya sita yote kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni. Kwenye mpango wa awali masaa hayo yalikuwa yamejazwa.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuomba masaa yanayojulikana badala ya uelewa wa jumla. Mama alimwandikia meneja hivi, na nauweka ujumbe kama ulivyo kwa sababu ndio uliofungua njia: "Kesho hadi Ijumaa nitafanya kazi saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, kisha saa 10 jioni hadi saa 12 jioni. Kati ya saa 6 na saa 10 niko na watoto. Sitapatikana kwa mkutano wala simu. Ripoti itakufikia Ijumaa saa 5 asubuhi kama tulivyokubaliana." Meneja alikubali asubuhi iliyofuata. Ilimbidi asogeze mkutano mmoja tu.

Uamuzi wa pili uliuma. Walivunja wiki ya pamoja. Mama angebaki na likizo yake wiki ya tano, na baba angehamishia siku zake 4 wiki ya sita, Jumatatu hadi Alhamisi. Msimamizi wa zamu alikataa mwanzoni kwa sababu orodha ilikwisha bandikwa. Alikubali baada ya fundi mwenzake kujitolea kubadilishana siku. Ijumaa ya mwisho waliimaliza kwa makubaliano na familia jirani: watoto wa jirani wangekuja kwao siku moja ya wiki ya tano, na wao wangepeleka wa kwao kwa jirani Ijumaa hiyo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kumtua mvulana mzigo. Tangu Jumanne alikuwa hali chakula vizuri na alishaomba radhi mara kadhaa bila kuulizwa. Baba alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, kumlinda mdogo wako ni kazi yangu na ya mama yako. Hatukupaswa kukuachia. Hukukosa."

La nne lilikuwa kumrudia bibi, safari hii kwa kumwuliza. Aliwajibu kwa upole, lakini alisema alichokuwa nacho moyoni: "Wajukuu zangu nawapenda. Ila mlinipangia kama saa ya ukutani." Alikubali kumalizia asubuhi tatu zilizobaki, akasema baada ya hapo atakuja kama bibi, kutembea.

Matokeo

Ripoti ilifika Ijumaa kabla ya saa 5. Mpango wa siku hizo tatu ulishika, lakini haukuwa safi. Kati ya baba kutoka alfajiri na bibi kufika saa 2, mama alikuwa kazini huku watoto wamelala, na Alhamisi msichana aliamka mapema akataka mtu. Yaani saa moja na nusu ya mashaka ilibaki, na wao walijua imebaki. Naona hapo ndipo ilipo tofauti na Jumanne: safari hii mama hakupanga kitu chochote kisichoweza kukatizwa ndani ya muda huo.

Wiki ya nne baba alikaa na watoto peke yake kwa siku tano mfululizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Siku ya kwanza alipiga simu ofisini mara kwa mara: dawa ya kikohozi iko wapi, viatu vya mtoto vipi vinabana, mama wa rafiki yake anaitwa nani. Kuanzia siku ya pili walikubaliana apige kwa jambo la hatari tu, mengine ayatafute mwenyewe. Ijumaa alikuwa anajua mambo ya nyumba ambayo kwa miaka yote yalikaa kichwani mwa mtu mmoja.

Gharama haikuwa ndogo. Safari ilifutwa na watoto waliisikitikia waziwazi. Wazazi waliingia muhula mpya bila kupumzika pamoja hata siku moja ya kazi. Mama alikuwa amechoka kiasi cha mwenzake kumwuliza kama anaumwa. Baba alibaki na deni la zamu kwa mwenzake.

Uchambuzi

Nianze na kuhesabu saa moja mara mbili, maana mengine yote yametoka humo. Kufanyia kazi nyumbani kunaokoa muda wa njiani na kumweka mzazi karibu. Hakumwachii mikono huru. Kwa mtoto wa miaka 13 anayejipikia na kujisomea, mzazi kuwa ndani ya nyumba inatosha, na familia ya namna hiyo isitishwe na kisa hiki. Kwa wa miaka 6 haitoshi, kwa sababu anahitaji kujibiwa, na haja hiyo haingoji mwisho wa mkutano. Kwa mtoto mchanga ni kazi kamili ya mtu mzima mmoja.

Kosa la tarakimu nalo lina maelezo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma, na utendaji kwenye kazi ya pili hushuka. Mzazi anayesikiliza mteja kwa sikio moja na sebule kwa jingine yuko kwenye hali hiyo saa nzima. Mwajiri anayedhani amepata masaa manane ya kazi kwa kutouliza watoto wako na nani hajapata manane. Amepata pungufu, na zaidi ya hapo amejipatia hatari ya kosa ambalo hatajua limetoka wapi.

Kauli ya meneja, "jipange tu, mradi kazi iishe", ilitoka kwa moyo mzuri na ndiyo iliyofanya madhara mengi kuliko kukataa. Inasikika kama uhuru, lakini haitaji saa hata moja ambayo mfanyakazi ana haki ya kutopatikana. Matokeo yake mkutano wa saa 7 mchana uliwekwa bila mtu kujua kwamba umegongana na kitu. Ujumbe wa Jumanne usiku ulifanikiwa kwa kuwa ulitaja masaa, ulitaja kazi itakayotoka na lini, na ulikuwa na mwisho. Meneja hakulazimika kukisia. Kwa wasimamizi ninaowafundisha nasema hivi: likizo ya shule ipo kwenye kalenda tangu mwaka unapoanza. Mwulize mfanyakazi mapema ni masaa gani hatapatikana, na uyaandike.

Mkataba Na. 156 wa ILO, wa mwaka 1981, unahusu wafanyakazi wenye majukumu ya kifamilia, wanaume na wanawake kwa usawa, na kifungu chake cha 8 kinasema majukumu hayo peke yake si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Pendekezo Na. 165 linaloambatana nao linataka ratiba za kazi na likizo ziwe na unyumbufu, na mahitaji ya familia yazingatiwe katika kupanga zamu. Nalitaja hili kwa ajili ya baba. Kwenye mazungumzo mengi ya namna hii fundi wa zamu husahaulika kwa kuwa hana kompyuta ya kupeleka nyumbani, na mzigo wote unahamia kwa mwenye kompyuta. Msimamizi wa zamu alipokataa, hakuna aliyemwuliza angefanyaje kama ombi lingetoka kwa mama wa watoto hao.

Kuhusu mvulana, nina msimamo mkali kidogo. Kumpa mtoto wa miaka 10 kazi ndogo za nyumbani ni malezi. Kumwachia uhai wa mtoto mwingine bila kumwandaa, bila kumweleza afanye nini akishindwa, huku amekatazwa kugonga mlango, ni kumweka mahali ambapo hawezi kufaulu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza katika kifungu cha 31, na kifungu cha 18 kinazitaka nchi zichukue hatua ili watoto wa wazazi wanaofanya kazi wanufaike na huduma za malezi. Likizo ile ilikuwa yake pia. Naona maneno ya baba pale pembeni yalikuwa na uzito kuliko maamuzi mengine yote, na hayakuhitaji ruhusa ya meneja yeyote.

Tableti haikuwa na ubaya kwa yenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali, na siku mbili za katuni mfululizo ziliwanyima watoto hao kiasi hicho. Lakini kilichoangusha mpango kilikuwa kwamba tableti ilipewa jina kwenye safu ya malezi. Ilipozima, mlezi alikuwa ameondoka.

Bibi hakuulizwa, aliarifiwa. Akauchukua mzigo kwa wiki nzima kabla ya kusema unamzidi, na wazazi wakapata taarifa Alhamisi jioni, wakati hakuna muda wa kutafuta njia nyingine. Angeulizwa mapema, huenda angesema tangu mwanzo kwamba asubuhi anaziweza na alasiri haziwezi, na wiki ya tatu ingepangwa hivyo ikiwa bado mbali.

Kitu ambacho mpango wa pili nao haukuwa nacho ni mtu wa akiba. Kama fundi yule angekataa kubadilishana siku, au mtoto mmoja angeugua homa wiki ya sita, hakukuwa na jina la tatu la kuandika. Jirani alikuwa na siku moja tu ya kutoa.

Likizo iliyofuata ilikuwa ya wiki mbili. Wazazi walichora safu mbili mwezi mmoja kabla, kila mmoja akaijaza ya kwake, na baba ndiye aliyezungumza na mama yake pamoja na jirani. Ofisini kwa mama, siku za likizo bado hutolewa kwa anayewahi kuomba, kwa hiyo wenye watoto wa shule hugombea wiki zilezile kila mwaka. Mama na wenzake wawili wamepeleka ombi la maandishi kwamba wiki hizo zigawanywe kwa zamu, na wanasubiri jibu.